Si nyuki peke yao: Tanga, Novemba 1914

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, kama vijana wengi wa rika langu. Siku ya kulenga shabaha nilijiona nimefika. Filamu za vita nilikuwa nimeziangalia tangu darasa la tatu, na michezo ya vita ya kompyuta nilikuwa nimeicheza mpaka vidole vikaota sugu. Nikalala kifudifudi, nikabana kitako cha bunduki begani, nikafumba jicho moja kama wanavyofanya kwenye filamu, nikafyatua risasi zangu tano. Afande akaenda kukagua ubao wangu. Akarudi anacheka. Ubao ulikuwa mzima kama ulivyotoka kwa seremala.

"Kuruta," akaniambia, "adui yako labda afe kwa kelele."

Jioni ile alinilaza tena chini, safari hii na bunduki tupu. Akaweka sarafu ya shilingi mia juu ya mtutu, karibu na ncha. Kazi yangu ikawa moja tu: kuvuta pumzi, kuitoa nusu, kuizuia, kisha kuvuta triga polepole bila sarafu kudondoka. Ilidondoka mara nyingi sana. Nilirudia zoezi hilo jioni baada ya jioni mpaka wenzangu wakanipa jina la Bwana Sarafu. Tuliporudi kulenga, risasi tatu kati ya tano ziliingia ubaoni. Bunduki ilikuwa ileile, na macho yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni zile jioni za sarafu.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya nyuki.

Mwaka jana nilikuwa Tanga kikazi. Kazi ilipokwisha nikatembea mpaka Raskazone kupunga upepo. Mzee mmoja niliyekaa naye kwenye benchi, alipojua kuwa mimi ni mgeni na tena mwandishi, akaninyooshea kidole kuelekea baharini. "Hapo, mwanangu, ndipo Mwingereza alipokimbizwa na nyuki." Nikamwitikia, "Naam, mzee, tulisimuliwa shuleni." Na kweli tulisimuliwa. Mwingereza alikuja na meli zake na majeshi yake, nyuki wa Tanga wakamtia adabu, akarudi alikotoka. Hata vitabu vya Kiingereza vimeviita Vita vya Nyuki.

Kisa kitamu, sikatai. Lakini kina kasoro moja kubwa: ndani yake hakuna mtu mweusi. Kuna Mwingereza, kuna Mjerumani, kuna wadudu. Wale waliokuwa nyuma ya bunduki, waliopiga na kupigwa, wametoweka. Leo nataka kuwarudisha, ingawa, kama utakavyoona mbele, kuwarudisha kwao kunauma.

Kwanza matukio yenyewe, kwa ufupi. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, HMS Fox, ilifika Tanga na kutoa taarifa kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamefutwa. Usiku ule majeshi yakaanza kushuka Raskazone. Walikuwa watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Jaribio la kwanza, tarehe 3, lilirudishwa nyuma. Shambulio kubwa likafanyika tarehe 4. Upande wa pili kulikuwa na watu wapatao 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani lililoitwa Schutztruppe, chini ya Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, wengi wao wakiwa wameletwa haraka kwa treni ya reli ya Usambara kutoka upande wa Kilimanjaro. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanapanda melini kurudi. Waliacha nyuma mamia ya maiti na majeruhi, jumla yao zaidi ya 800. Wajerumani na askari wao walipoteza watu kama 70 waliouawa.

Watu 8,000 kwa 1,000. Ni nyuki gani hao?

Ili tuelewe, tuangalie kwanza bunduki yenyewe. Baadhi ya vikosi vilivyoshuka Tanga vilikuwa na bunduki mpya ya jeshi la Uingereza, Lee-Enfield fupi, yenye magazini ya risasi kumi. Miezi miwili na ushei kabla ya Tanga, tarehe 23 Agosti 1914, bunduki hiyo hiyo ilikuwa imeishangaza Ulaya. Katika mji wa Mons, Ubelgiji, kikosi kidogo cha Waingereza kilikutana na jeshi kubwa zaidi la Wajerumani likija kwa wimbi. Waingereza walipiga kwa kasi na kwa usahihi kiasi kwamba, inavyosimuliwa, Wajerumani walidhani wamekutana na bunduki za rashasha tupu. Mwishowe Waingereza walirudi nyuma kwa sababu walizidiwa idadi, lakini hesabu waliyowatoza Wajerumani siku ile ilikuwa nzito.

Ustadi ule haukushuka kutoka mbinguni. Ulinunuliwa kwa fedheha. Miaka 15 kabla, katika vita vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902, jeshi la Uingereza lilidhalilishwa na Makaburu. Desemba 1899, ndani ya juma moja, lilishindwa mara tatu: Stormberg, Magersfontein na Colenso. Makaburu walikuwa wakulima na wafugaji waliozoea bunduki tangu utotoni. Walijificha nyuma ya mawe na ndani ya mahandaki, wakachagua mtu, wakapiga. Askari wa Kiingereza alikuwa amezoeshwa kupiga kwa pamoja, kwa amri, kuelekea upande aliko adui.

Vita vilipokwisha, Waingereza walifanya jambo ambalo wakubwa wengi wa dunia hii hawapendi kulifanya: walikubali kwamba hawajui, wakarudi shule. Shule yenyewe ilikuwepo tangu 1853, katika mji wa Hythe kusini mwa Uingereza, shule ya jeshi ya kufundisha kulenga shabaha. Mkufunzi mkuu pale kuanzia 1905, Norman McMahon, alikuwa akipigania jeshi lipewe bunduki nyingi zaidi za rashasha. Hazikutolewa. Basi njia iliyobaki ikawa kumfanya kila askari na bunduki yake ya kawaida apige kana kwamba ana rashasha. Likabuniwa zoezi ambalo kila askari alitakiwa kulipita: risasi 15 kwa dakika moja, kwenye ubao ulio umbali wa yadi 300, yaani karibu mita 275. Risasi 15 za kulenga, si za kumwaga.

Hesabu mwenyewe. Ni sekunde nne kwa kila risasi, na ndani ya hizo sekunde nne unavuta komeo la bunduki, unalirudisha, unalenga, unabana pumzi, unafyatua. Magazini ikiisha unajaza, na saa haikusubiri. Huwezi kulijua hilo kwa kuelezwa. Unalijua kwa kulirudia, kwanza na risasi za bandia zisizo na baruti, mpaka mkono ufanye bila kuulizwa. Na ili askari asizembee, malipo yake yalifungamanishwa na alama zake za shabaha. Mwenye shabaha mbovu aliiona mfukoni.

Sasa turudi kwenye zile meli zilizokuja Tanga. Zilitoka Bombay katikati ya Oktoba 1914, zikiwa zimesheheni vikosi vilivyookotwa huku na huku. Vikosi bora vya India vilikuwa vimeshapangiwa Ufaransa na kwingineko. Hivi vilivyobaki vingi havijawahi kufanya mazoezi pamoja. Baadhi yao walikabidhiwa Lee-Enfield mpya muda mfupi tu kabla ya kusafiri, wakiwa wamezoea bunduki za zamani. Wakakaa baharini majuma zaidi ya mawili, wamebanana, wanatapika, wanapikwa na jua. Kisha wakashushwa gizani kwenye nchi wasiyoijua, wakaambiwa wapenye mashamba ya mikonge na minazi wakautwae mji.

Bunduki ya Mons na bunduki ya Tanga ilikuwa moja. Mwaka ni mmoja, dola ni moja. Tofauti ilikuwa saa za mazoezi.

Kabla hujafikia uamuzi kwamba Wahindi hawakuwa watu wa vita, ngoja nikutajie jina moja: Khudadad Khan. Huyu alikuwa askari wa kawaida wa kikosi cha 129 cha Baluchi. Tarehe 31 Oktoba 1914, siku nne tu kabla ya Tanga, alikuwa Ubelgiji, karibu na Ypres, kwenye kundi la bunduki za rashasha. Wenzake wa bunduki ile waliuawa wote. Yeye, akiwa amejeruhiwa, aliendelea kupiga na akabaki hai. Akawa askari Mhindi wa kwanza kutunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kwa hiyo habari ya kabila gani linaweza na kabila gani haliwezi tuiache kwa wavivu wa kufikiri. Hata pale Tanga penyewe, walioweza kupenya mpaka mitaani walikuwa askari wa jeshi la kudumu la Kiingereza wa kikosi cha Loyal North Lancashire pamoja na wale wa Kashmir Rifles kutoka India. Waliofika mjini ni waliokuwa wameandaliwa, Mzungu kwa Mwasia.

Na sisi je?

Schutztruppe lilianza 1889, pale Wajerumani walipomtuma Hermann von Wissmann kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim na watu wa pwani. Wissmann hakuja na jeshi la Wazungu. Alikwenda Misri akaandikisha Wasudani waliokuwa wamewahi kulitumikia jeshi la huko, akaongeza watu kutoka Msumbiji. Baadaye wakaandikishwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine wengi. Wasudani wale wametuachia maneno. Neno "afande" nililomwitia yule aliyenicheka JKT linatokana na "efendi" la Kituruki, lililofika kwetu kupitia jeshi la Misri na Wasudani wake. Koplo wa wakati ule aliitwa ombasha, sajini aliitwa shaushi. Amri za gwaride zilikuwa za Kijerumani, lakini maisha ya kambini, kuanzia kuulizana hali mpaka kugombana, yalikuwa ya Kiswahili.

Mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa na makampuni 14, askari wapatao 2,500 na Wajerumani 200 na kitu. Wengi wa askari walikuwa na bunduki ya Mauser ya muundo wa 1871. Hebu pata picha: bunduki ya zaidi ya miaka 40, inaingia risasi moja moja, na baruti yake inatoa wingu la moshi mweupe linalomwambia adui, "Niko hapa, nipige." Ni makampuni machache tu yaliyokuwa na bunduki za kisasa. Kwa karatasi, Mwingereza alikuwa ameshashinda kwa idadi na kwa silaha.

Lakini askari yule na bunduki yake ya moshi walikuwa wameoana. Wengi walikuwa wametumikia miaka na miaka. Gwaride asubuhi, kulenga shabaha, kusafisha bunduki, safari za miguu za majuma mazima, kisha tena gwaride. Lettow-Vorbeck alipofika nchini Januari 1914 alianza kuzunguka kukagua makampuni, akitaka yaandaliwe kwa vita dhidi ya jeshi la kisasa na si dhidi ya raia wenye mikuki. Walowezi wa Kijerumani wa kaskazini nao walikuwa na vikosi vyao vya kujitolea.

Siku ya tarehe 4 mambo yote hayo yakakutana. Vikosi vya Aitken viliingia kwenye vichaka na mashamba, mistari ikakatika, watu wakapotezana kwa joto na kiu. Askari wa Schutztruppe, waliokuwa wamejificha, hawakuharakisha. Bunduki za rashasha, ambazo askari waliziita bombomu, zilikuwa chache lakini zimewekwa mahali panapostahili. Kikosi cha 101 cha Grenadiers, upande wa kushoto wa Waingereza, kilifyekwa. Halafu Lettow-Vorbeck akayatuma makampuni aliyokuwa ameyaweka akiba yazunguke ubavu ule ule wa kushoto, na mstari wa Waingereza ukaporomoka. Sisemi kila askari alikuwa simba. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika kuwa kuna wakati baadhi ya watu wake walianza kurudi nyuma, ikabidi wazuiwe. Lakini walizuilika, wakageuka, wakapiga tena. Mtu aliyefundishwa naye huogopa, ila mazoezi humpa kitu cha kufanya wakati anaogopa.

Na nyuki? Walikuwepo kweli. Mizinga na viota kwenye miti viliguswa na risasi, wakatoka na hasira zao. Kikosi cha 98 kilivurugwa nao vibaya. Lakini nyuki hawana uraia, ndugu msomaji. Waliwauma pia watu wa bombomu wa upande wa Wajerumani wakawafanya waache bunduki zao kwa muda. Baadaye ilizuka hadithi kwamba Wajerumani walikuwa wametega mizinga ile kwa nyaya. Unaweza kuelewa kwa nini hadithi ile ilipendwa. Kwa dola kubwa, kushindwa na hila za wadudu ni bahati mbaya. Kushindwa na Wanyamwezi, Wasukuma na Wasudani wenye bunduki za mwaka 1871 ni jambo linalohitaji maelezo. Ajabu ni kwamba na sisi tumeipokea hadithi hiyo hiyo tukaifanya yetu.

Waingereza walipoondoka waliacha bunduki za kisasa za kutosha makampuni matatu, bunduki kadhaa za rashasha na risasi laki kadhaa. Yule askari wa bunduki ya moshi sasa akapata isiyotoa moshi, tena aliyoletewa mpaka mlangoni na adui.

Sasa nifike kwenye ile sehemu inayouma.

Kwetu kwa upande wa baba ni Tabora. Kuna habari ya ukoo, haina karatasi wala picha, kwamba babu wa babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Nilipokuwa mdogo habari hii ilinipa kichwa. Nilijitangaza shuleni kuwa ukoo wetu ni wa wapiganaji. Siku moja nikaisema mbele ya bibi mzaa mama, ambaye kwao ni Songea. Bibi hakunigombeza. Aliendelea kuchambua mchele wake, kisha akasema taratibu, "Basi wa kwenu ndio waliokuja kwetu."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sikumwelewa mpaka niliposoma.

Maana jeshi lililopiga vizuri vile Tanga 1914 lilikuwa limejifunzia kwa nani? Hakuna Mwingereza aliyekuwa shabaha yake miaka ile ya mwanzo. Ilijifunzia kwa Abushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Ilijifunzia kwa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa, kwa mikuki, waliuvamia msafara wa Emil von Zelewski, waliyemwita Nyundo, na kuuangamiza kabla askari wengi hawajawahi kupiga. Bunduki mamia zilichukuliwa na Wahehe siku ile. Lakini Wahehe walikuwa mafundi wa mkuki. Bunduki iliyoko ghalani haimfanyi mtu kuwa mpiga shabaha. Wajerumani waliporudi Oktoba 1894 na mizinga na mazoezi yao, ngome ya Kalenga ilianguka. Aliyeongoza kuivamia alikuwa Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani. Baadaye alistaafu akawa mlowezi Usambara, na jina lake la Sakarani limebaki huko mpaka leo. Vita vilipozuka alirudi jeshini, akauawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914. Ona jinsi uzi ulivyo mmoja kutoka Kalenga hadi Tanga.

Kisha Maji Maji, 1905 hadi 1907. Watu wa kusini waliingia vitani wakiamini dawa ya maji itazigeuza risasi. Pale Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, walilikimbilia boma lenye bombomu mbili, na unajua kilichotokea. Songea, tarehe 27 Februari 1906, mashujaa wa Kingoni walinyongwa, na kila mwaka tunawakumbuka. Baada ya hapo mashamba na maghala yakachomwa kwa makusudi, na njaa ikamaliza kazi. Wanahistoria wetu wanataja vifo kati ya 250,000 na 300,000. Walioshika viberiti na bunduki katika vijiji vile, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu weusi kama mimi na wewe. Pengine mmoja wao alikuwa babu wa babu yangu.

Kwa hiyo nifanye nini na ushindi wa Tanga? Nimefikiri sana. Kuwapa nyuki sifa yote ni uongo, na uongo huo unawafuta watu wetu. Kuwageuza askari wale kuwa mashujaa wa taifa nao ni uongo, maana unamfuta bibi yangu. Ninachoweza kusema kwa haki ni hiki: ustadi ulikuwa wao, walioupata kwa jasho lao, mwaka baada ya mwaka. Shabaha hawakuichagua. Kuna mwingine aliyesimama nyuma yao akisema piga kule, na wao mikono yao ilishafundishwa kutouliza. Mazoezi humfanya mtu awe hodari wa kupiga. Nani apigwe, hilo halimo katika somo la kulenga, na anayelifundisha somo la kulenga pekee ameacha nusu ya kazi.

Pale Posta, Dar es Salaam, kuna sanamu ya Askari. Daladala zimeipita tangu sijazaliwa. Mahali pale zamani palikuwa na sanamu ya Wissmann, Waingereza wakaiondoa, na hii ya sasa ikazinduliwa 1927. Inawakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo upande wa Waingereza. Wale wa Tanga walikuwa upande ulioshindwa vita, kwa hiyo hawakusimamishiwa kitu pale katikati ya jiji. Walisalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wakiwa bado wanadai mishahara.

Kuhusu mishahara hiyo kuna kisa ambacho kimesimuliwa mara nyingi vitabuni. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kwamba askari waliokuwa bado hai walipwe haki yao. Ofisa wa benki akaja na fedha mpaka Mwanza. Wakajitokeza wazee kama 350, lakini ni wachache tu waliokuwa na vyeti vya jeshi. Wengine walikuja na vipande vya sare, wengine mikono mitupu. Utajuaje askari wa kweli na mzee aliyekuja kujaribu bahati? Yule ofisa akapata wazo. Kila mzee aliyefika mbele yake akampa ufagio, kisha akatoa amri za gwaride la bunduki kwa Kijerumani. Begani! Mbele! Chini! Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kila nikikifikiria kisa hiki nakumbuka ile sarafu yangu ya shilingi mia. Miaka 46 tangu vita viishe. Macho yamefifia, meno yametoka, wakuu wao wamekufa, nchi imebadilisha bendera mara mbili, na bado mikono inakumbuka. Hivyo ndivyo mafunzo yanavyoingia mwilini. Na ukitazama vizuri utaona pia msiba uliomo ndani yake: mzee wa miaka 70 na ushei, katika nchi iliyokwisha kuwa huru, anasimama mguu sawa mbele ya mgeni mwenye mfuko wa fedha, ameshika ufagio, ili athibitishe kwamba aliwahi kuwepo.

Sijui kama babu wa babu yangu aliwahi kupigana Tanga, au kama aliishia Songea, au alikwenda kote kuwili. Jina lake la jeshi hatunalo. Nimeshamwomba baba atuulizie kwa wazee waliobaki Tabora kabla nao hawajaondoka. Kama na kwenu kuna habari ya namna hii, ya askari, ya mpagazi, au ya waliokuwa upande wa pili wa mtutu, usiingoje iwe hadithi ya nyuki. Nenda kamuulize mzee wako wikiendi hii, uandike na majina.

Bibi bado yupo, anachambua mchele wake. Safari hii nitakwenda na daftari.